Stopa Mbele, Libero Nyuma

Alizaliwa wapi na alikuwa mwana wa nani, sikumwuliza, naye hakuniuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hao hawakukaa Cyangugu, huku Rwanda, miaka ile baada ya vita. Miaka ile ukimwuliza mtu ametoka wapi, alishusha macho akatafuta kitu cha kushikashika kwa mikono. Kwa hiyo nitaanzia pale nilipomkuta Kocha wetu: pembeni mwa kiwanja chetu cha Mururu, ameupa mchezo mgongo.

Ilikuwa kona ya wapinzani. Kila kona ya wapinzani, Kocha aligeuka akatazama vilima vya Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi, na akamwuliza aliye karibu naye, "Imetoka?" Ukijibu haraka kwamba mpira umetoka, aligeuka tena kama vile hakuna lililotokea. Ukichelewa, alikushika mkono mpaka kucha zikaingia. Na huyo, mabibi na mabwana, ndiye aliyekuwa akitufundisha tusiogope.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na mteremko. Goli moja lilikuwa chini ya lingine, na mpira ukitoka upande wa chini uliporomoka hadi bondeni karibu na mto, mahali ambapo askari hawakutaka kuona mtu. Mpira uliofika huko hatukuufuata. Kocha aliutazama ukienda, akajipiga paja, akasema, "Kongo imekula ingine."

Riziki yake ilikuwa taa. Aliketi chini mjini, karibu na maboti, akitengeneza zile taa za kupiga pampu ambazo wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, huzitundika kwenye mitumbwi. Mikono yake ilinuka mafuta ya taa hata Jumapili, na andazi ulilopewa naye ulilila pamoja na harufu hiyo. Taa aliijaribu mara tatu. Kisha mwenye taa alipokuwa ameshaichukua na kuanza kuondoka, alimwita arudi ili aijaribu mara ya nne. Wavuvi walimcheka, lakini hawakupeleka taa zao kwa mtu mwingine.

Sisi pia alitujaribu vivyo hivyo. Alituhesabu kabla ya kwenda kucheza ugenini, akatuhesabu tulipofika, akatuhesabu wakati wa mapumziko, vidole vikitembea hewani. Tulimtania kwamba anaogopa mmoja wetu atayeyuka. Lakini tulitania kwa sauti ya chini, maana miaka ile watu walipotea kweli, na kila mmoja wetu alikuwa na mtu aliyewahi kuhesabiwa akakosekana.

Tena alikuwa na filimbi isiyolia. Aliivaa shingoni kwa kamba nyekundu, na ndani yake alikuwa ametoa ile punje inayoifanya ilie. Katika mazoezi alipiga makofi: kofi moja, simama, makofi mawili, endelea. Mgeni mmoja aliyekuja kucheza nasi alimwuliza kwa nini asinunue filimbi nzima, wakati sokoni Kamembe zimejaa. Kocha akamwambia, "Hii inanitosha." Sisi wengine tukatazama viatu vyetu. Katika nchi hii filimbi zilikuwa zimewahi kuita watu kwenye kazi nyingine, ile ya mapanga, na wapo katika vilima vyetu waliokuwa wakisikia filimbi wakaingia chini ya kitanda. Kiwanja kilizungukwa na nyumba za watu.

Nisimfanye mtakatifu. Alituapisha tusiguse urwagwa, pombe ya ndizi, kuanzia Ijumaa, na yeye Jumapili asubuhi alikunywa kikombe kizima, akidai ni dawa ya tumbo. Alichukia uongo, lakini alimwapia refa kwamba golikipa wetu ana miaka kumi na saba, wakati golikipa alikuwa na watoto wawili wanaotembea. Alipenda kusema mafahali wawili hawakai zizi moja, na wiki iliyofuata akapanga mafahali wawili. Ukimkumbusha, alikujibu, "Zizi ni yangu."

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni mabeki wa katikati. Wachezaji wengine tisa aliwaandika kwa dakika tano nyuma ya karatasi ya pakiti ya sigara. Mabeki wawili aliwatafuta wiki nzima. Pale kwenye meza yake ya taa alikuwa na nati mbili za shaba, na hata akiwa anazungumza na mteja alizisogeza kwa kidole: hii mbele kidogo, hii nyuma kidogo, zikaribiane, ziachane.

"Foadi, ule ni Mungu anakuletea," alituambia kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Babeki babili ba katikati, bale utabatafuta weye mwenyewe. Na ukikosea, hakuna sala."

Siku hizo tulicheza kwa mtindo wa zamani. Beki mmoja aliitwa stopa. Huyo ndiye anayetoka mbele kumvaa foadi wa wapinzani kifua kwa kifua. Mwenzake aliitwa libero. Yeye hubaki nyuma ya stopa, na chochote kinachompita stopa ni kazi ya libero kukisafisha. Stopa haoni kinachofanyika nyuma yake. Libero ni mtu unayempa mgongo.

Mimi nilikuwa stopa.

Sasa nieleze namna alivyowachagua, kwa sababu sijaisikia kwa kocha mwingine yeyote. Katika vilima vya kati ya Mururu na Mibirizi, barabara zilikuwa za miguu, na mgonjwa alipelekwa hospitali ya Mibirizi kwa ingobyi. Ingobyi ni machela ya kusuka, na miti yake miwili mirefu hubebwa mabegani. Kila kilima kina kikundi chake cha ingobyi, na kila nyumba ina zamu. Mti mmoja una wabebaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Sisi wachezaji tulikuwa vijana wenye nguvu, basi mgonjwa akitokea wakati wa mazoezi, Kocha alipiga kofi moja na wote tulikwenda. Yeye alitembea kando, mikono nyuma, akitupanga na kutupangua njiani. Hakuwa akimtazama mgonjwa tu. Alikuwa akitazama mabega.

"Ule wa mbele haone ule wa nyuma," alisema. "Ule wa nyuma haone njia, blanketi inamufunika. Sasa nani anaona byote? Hakuna. Njo maana banasemezana."

Na kweli, wa mbele huita: "Jiwe!" "Maji!" "Shuka!" Wa nyuma hujibu, "Nimesikia." Asipojibu, wa mbele husimama. Kubadilisha bega hufanywa bila kumtua mgonjwa, na watu wasiopatana hawawezi. Kocha alidai kwamba mita mia za kupanda kilima na ingobyi zilimwonyesha zaidi ya michezo kumi. Tulimwona kama mtu wa ajabu kidogo. Lakini tulikuwa tukifungwa mabao machache kuliko timu zote za mkoa.

Mimi nilikuwa nimezaliwa Bukavu, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani, tukarudi baada ya vita na kupewa mahali Mururu. Libero wangu alikuwa Bahati, mtoto wa Bukavu halisi, mama yake mchuuzi wa vitenge anayevuka mpaka wa Rusizi kila siku. Tulicheza pamoja tangu tukiwa wadogo, huko ng'ambo. Mpaka ulipofungwa kwa sababu ya vita vyao, Bahati alilala kwa shangazi yake Kamembe na kutega sikio kila bunduki ilipolia upande wa pili. Nilikuwa sihitaji kugeuka kumtafuta. Nilijua alipo kwa kusikia anavyopumua.

Kisha akaja Anastazi, kijana wa upande wa Mibirizi. Yeye pia alikuwa ametoka Kongo. Alikuwa ametoka kwenye kambi za wakimbizi zilipovunjwa, akarudi kwa miguu na mamia ya watu, amekonda, haongei. Sote wawili tulitoka Kongo, lakini haikuwa Kongo moja: wazazi wangu walikuwa wamekimbia wasiuawe, na katika kambi zile walijificha wengi walioua. Mwaka ule mbaya wa mauaji alikuwa wapi? Alikuwa akifanya nini? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Alikuwa libero mzuri, sikatai. Alisoma mpira kabla haujapigwa.

Jumatatu moja, tukijiandaa kukutana na timu ya bondeni, Kocha akatangaza mabeki. Stopa, mimi. Libero, Anastazi.

Nalisema bila aibu: niliogopa. Sikuogopa kufungwa, ingawa timu ile ilikuwa imetufunga manne mara ya mwisho na tukifungwa tena tungetoka kwenye kombe. Nilimwogopa yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, mama yangu alisema nilipomweleza nyumbani, na hakula chakula chake. Kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa askari na mara nyingine alikuja kututazama na magwanda yake nyuma ya goli, alisema tu, "Nitakuja kumwona huyo." Nilijivunia maneno hayo ya kaka, nikayarudia kwa wenzangu jioni ileile. Sikufikiri yangesikika vipi kwa mtu mwingine.

Kesho yake nikateremka hadi mjini kumwomba Kocha abadilishe. Njiani nilipishana na Anastazi akipanda, ameshika taa. Tulisalimiana kwa kichwa. Nilidhani ametengenezesha taa ya mtu.

Kocha alinisikiliza huku akisogeza nati zake.

"Kocha, nakuomba. Unirudishie Bahati."

"Bahati iko mugonjwa?"

"Hapana."

"Ule mwengine anacheza mubaya?"

"Hapana. Lakini Kocha, weye unajua."

"Minajua nini?"

Sikuweza kulisema. Nati moja ilimponyoka, ikaanguka chini ya meza na akakaa sana huko akiitafuta. Alipoinuka aliniambia niende nikapumzike miguu.

Alhamisi, katikati ya mazoezi, wakaja kutuita. Mwanamke alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mtoto hatoki. Kofi moja. Kocha alipanga mti wa kushoto: mimi mbele, Anastazi nyuma. Mti wa kulia alimweka Bahati mbele na golikipa wetu nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia ilikuwa udongo mwekundu wa kuteleza. Mume wa yule mwanamke alitembea kando na furushi la nguo za mtoto, akisema Baba Yetu bila kuimaliza.

Sikuita vizuri. Nilipaswa kutazama njia, lakini kila hatua kumi niligeuza shingo. Nilitaka kumwona. Niliona blanketi, nikaona mikono yake kwenye mti, basi. "Jiwe," nilisema, wakati jiwe lilikuwa limeshapita. Yeye alijibu kila mara, "Nimesikia."

Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kijito, niligeuka tena, na mguu ukaondoka. Nilianguka kwa goti, mti ukatoka begani. Ingobyi ikainama mbele, yule mwanamke akapiga kelele na kuanza kuteleza. Nilijua nimemwua. Lakini machela ikanyooka. Anastazi, badala ya kuvutana na mti, alikuwa amepiga magoti yote mawili hapohapo juu ya mawe ili nyuma ishuke sawa na mbele. Hakuachia. Golikipa na Bahati walishuka naye. Mama yule alilala sawasawa juu ya mikono yetu, akitutukana kwa Kinyarwanda safi.

"Uangalie njia," Anastazi aliniambia. Ndiyo mara ya kwanza alizungumza nami sentensi nzima. "Mi niko."

Tulifika. Mtoto wa kike alizaliwa kabla hatujamaliza kunawa udongo. Goti la Anastazi lilishonwa nyuzi mbili, na Kocha akatuhesabu kabla ya kurudi. Usiku huo na uliofuata sikulala vizuri, na Jumapili nilivaa jezi nikiwa bado sijui kama naweza kumpa mgongo mtu yule.

Timu ya bondeni ilikuja na watu wengi na ngoma. Tulifunga bao moja mapema, la yule foadi aliyeletwa na Mungu, kisha tukashikwa mateka langoni mwetu. Niligeuka kumtazama Anastazi kila mara, na kila nilipogeuka nilikuta macho yake yananisubiri. Dakika za mwisho ikawa kona yao. Kocha akageuka, uso ukielekea Bukavu.

Mpira ulipoinuka, mizinga ililia ng'ambo. Ilikuwa mikubwa, si bunduki zile za kila siku. Kiwanja kizima kiligeuza shingo kutazama Kongo: refa, ngoma, mafoadi wao, Bahati kwenye benchi akiwa amesimama na mikono kichwani kwa sababu ya mama yake aliyekuwa huko. Watu wawili tu hawakutazama huko. Mimi nilimtazama Anastazi na Anastazi alinitazama mimi. Tulivyokuwa tukiogopana, mlio mkubwa ulipokuja kila mmoja alitaka kwanza kujua mwenzake anafanya nini. Kwa hiyo sote wawili tuliuona mpira ukishuka kati yetu.

"Yangu!" aliita. Niliinama. Akaupiga kichwa hadi bondeni, Kongo ikala mwingine, na refa akamaliza mchezo.

Kocha alikuwa amegeuka. Mizinga ilimgeuza kutoka Bukavu, akaona kona nzima kwa macho yake, pengine ya kwanza maishani mwake. Alikuja kiwanjani, akatuhesabu. Kisha akaketi kwenye nyasi. Mama yake Bahati alivuka siku ya tatu, salama, na kitenge kimoja tu.

Tulicheza pamoja miaka minne, Anastazi na mimi. Sikuwahi kumwambia Kocha asante na yeye hakuwahi kusema kwa nini alitupanga pamoja. Gacaca ilipokuja, mahakama zile za kwenye nyasi za kuwahukumu walioua, nilihudhuria kikao cha kilima cha Anastazi ambacho hakikunihusu. Niliketi nyuma, nikisubiri kusikia jina lake. Halikutajwa, siku ile wala siku nyingine. Nilirudi nyumbani na aibu ambayo sikuwa na mtu wa kumpa.

Mara ya mwisho nilimwona Kocha msimu wa mvua, miaka mingi baadaye. Sasa kulikuwa na barabara, pikipiki, na gari la wagonjwa linalokuja ukipiga simu. Lakini mlima ulikuwa umeporomoka juu ya barabara na gari lilisimama upande wa pili wa udongo. Kocha alikuwa amehamia huko juu kwa binti yake, na moyo wake ulikuwa unashindwa kazi. Binti akanipigia simu. Nilipofika nilimkuta Anastazi ameshafika, ana tumbo kubwa kuliko langu. Walikuwa wakiiteremsha ingobyi ya zamani kutoka darini na kuipangusa utando wa buibui.

Kocha alikuwa mdogo sana ndani ya blanketi. Alitutazama, akapanga vijana wawili kwenye mti wa kulia, kisha akanyoosha kidole.

"Stopa mbele. Libero nyuma."

Tuliondoka. Aliwekwa kichwa upande wangu, kwa hiyo uso wake ulikuwa umeelekea nyuma, kwa Anastazi. Nilikuwa nikisikia pumzi zake fupi karibu na sikio langu. Nikaona kama si leo, haitakuwa tena.

"Kocha, kwa nini ulinipa yeye?"

Alitoa mkono kwenye blanketi, akaushika mti.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Sikukuwa na akili ingine. Nilisema: batu babili benye banaogopana, hakuna hata moja atasinzia."

"Na nilivyokuja kukuomba?"

"Weye?" Akacheka kidogo, kicheko kikamletea kikohozi. "Yeye alikuyaka mbele yako. Ile siku moja. Alileta taa, anasema imeharibika. Taa haikukuwa na kitu. Alisema: Kocha, unitoe karibu na ule kijana. Kaka yake ni soda, ni askari, amesema atakuya kuniona. Na yeye mwenyewe ananiangalia sana. Banaweza kuniuwa."

Nilisimamisha mguu hewani. Miaka yote ile nilijua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimempa mtu mgongo. Haikunijia hata siku moja kwamba kuna mtu aliyelala macho wazi kwa sababu yangu, kwamba alipiga magoti juu ya mawe na mimi nikiwa ndiye hofu yake. Na nilikuwa na mgonjwa begani.

"Kocha," Anastazi alisema kutoka nyuma, "ulisema hautamwambia."

"Nilisema nitangoja," Kocha akajibu. "Nimengoja."

Nilitaka kugeuka nimwone Anastazi usoni. Shingo yangu ilianza kwenda.

"Uangalie njia," Anastazi akasema.

Nikaangalia njia. Tulikuwa tumefika kwenye kijito. "Maji," nikaita.

"Nimesikia."

Upande wa pili wa maporomoko wauguzi walimpokea, wakamwingiza garini. Mlango ulipofungwa tulisikia ndani makofi mawili, dhaifu, yenye nafasi kubwa katikati. Gari likaondoka kuelekea Mibirizi, na hakurudi.

Vijana walikimbilia nyumbani kabla ya mvua. Anastazi na mimi tukabaki na ingobyi. Ikiwa tupu ni nyepesi, mtu mmoja anaweza kuiweka kichwani akaenda nayo. Tuliibeba wawili.